Wazee, karatasi au mate: njia ipi ikufikishe kwa babu aliyekuja na jahazi?

Sisi watu wa pwani tukiulizwa asili, jibu liko mdomoni: jina la mwanamume na jina la bandari. Babu alitoka Shihr, bandari ya Hadhramaut huko Yemen. Babu alitoka Sur ya Oman, au Mandvi ya India, au Itsandraa ya Ngazija, akaja na kaskazi, akaoa hapa. Hadithi inaishia hapo, na huyo aliyeolewa hana jina.

Kwa miaka sita nimekuwa nikifuatilia ukoo wa bibi yangu hapa Unguja, na nimezipita njia zote nne ambazo jamaa hunipigia simu kuniuliza: kuzungumza na wazee, kupekua karatasi, kupima vinasaba kwa mate, na kutafuta kwenye tovuti za koo. Kila moja ina watu wanaoisifu kama ndiyo pekee. Mimi nazipima kwa maswali mawili. Je, inamfikia yule aliyekuja? Na je, inamfikia yule aliyempokea? Njia inayojibu vizuri swali la kwanza mara nyingi hukwama kwenye la pili. Kwa hiyo jua kwanza unamtafuta nani, ndipo uchague.

Wazee

Gharama yake ni nauli na kitu cha kumpelekea mzee mkononi. Haina kibali wala foleni. Inakupeleka vizazi vitatu, wakati mwingine vinne. Na ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoweza kukufia ukiwa bado unajipanga: faili lililokaa ghalani miaka 100 litakungoja mpaka mwakani, lakini mzee wa miaka 87 hawezi kukupa ahadi hiyo.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuuliza, "Bibi, sisi kabila gani?" Akanijibu, "Sisi Waarabu, mwanangu. Washihiri," akaendelea kupepeta mchele wake. Mwaka mzima sikupata zaidi ya hapo. Siku nyingine nikauliza, "Bibi, ulipokuwa mdogo nani alikuwa akikulaza?" Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Bibi yangu mzaa baba. Akiniimbia." Nikamwomba aniimbie na mimi. Akaimba mistari minne, sauti ya chini, na neno hata moja sikulielewa. Wala yeye hajui maana yake. Ameyashika maneno kama alivyoyasikia, kwa zaidi ya miaka 75. Niliyarekodi kwa simu. Mwenzangu mmoja kazini, ambaye mama yake ni mtu wa Tunduru, alisikiliza mara mbili akasema, "Hicho Kiyao hicho. Anambembeleza mtoto, anamwambia mama yuko shamba."

Basi jibu la "kabila gani" lilikuwa limemfunika mwanamke mzima, na swali la nani alikulaza likamfunua. Ndiyo maana nasema usimuulize mzee kuhusu asili, muulize kuhusu watu. Nani alimkosha marehemu alipofariki? Nani alikaa eda? Swali hili la eda hutoa wake ambao hakuna aliyekwambia kuwa walikuwepo. Nani alikuwa somo yake? Alizikwa wapi, na kwa nini hakuzikwa pamoja na wenzake?

Tarehe nazo usizidai. Mzee hakupi mwaka, anakupa tukio, na kazi ya kuligeuza liwe mwaka ni yako. Aliyesimuliwa kwamba bibi yake alizaliwa "mwaka wa kimbunga" anazungumzia Aprili 1872, pale upepo ulipong'oa mikarafuu ya Unguja. "Mizinga ya Sayyid Khalid" ni 27 Agosti 1896, Waingereza walipopiga mizinga kasri aliyokuwamo, asubuhi moja tu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba nasaba hulainishwa. Mtumwa hugeuka mzalia, yaani aliyezaliwa hapa pwani, mzalia akageuka Mswahili, Mswahili akageuka Mshirazi (mwenye asili ya Uajemi) au Mwarabu, na wajukuu wakakua wakiamini hilo la mwisho. Sababu hazikuwa kiburi tu. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni Unguja iligawa chakula kwa kufuata kabila la mtu, mchele ukaelekezwa kwa Waarabu na Wahindi. Kubadili jina la kabila kulikuwa na maana ya sahani. Siwalaumu waliofanya hivyo, lakini mtafiti lazima ajue kuwa neno la kabila kinywani mwa mzee linaweza kuwa na umri mdogo kuliko mzee mwenyewe.

Karatasi

Anza na za nyumbani kabla hujaenda ofisi yoyote. Fungua msahafu wa zamani utazame kurasa za mwanzo na za mwisho, ambako baba wengi waliandika siku za kuzaliwa watoto. Tafuta hati ya ndoa, pasi ya safari, risiti ya kodi ya kiwanja. Pitia makaburini na simu yenye kamera.

Ndipo uende kwenye hifadhi: Nyaraka za Taifa pale Kilimani kwa Unguja na Pemba, jengo la Moi Avenue Nairobi kwa Kenya, na Upanga Dar es Salaam kwa Tanganyika, ambako majalada ya Wajerumani nayo yapo. Ulizia mapema habari ya kibali na ada, usije ukafunga safari ya siku mbili ukaishia kwenye kiti cha kungojea. Mimi niliwahi kupoteza wiki nzima katika ofisi moja kwa sababu ya barua iliyokosa mhuri.

Ukiingia, kishawishi cha kwanza ni kutafuta orodha za abiria, kwa sababu ndivyo Wamarekani wanavyofanya. Huko mababu walishuka New York, na manahodha walitakiwa kukabidhi orodha ya watu wao. Nahodha wa jahazi lililotoka Mukalla, Hadhramaut, na abiria 60 hakuacha karatasi ya namna hiyo. Kwetu mgeni haonekani anapofika. Huonekana anaponunua kiwanja, anapokopa, anaposhtakiwa, na zaidi ya yote anapokufa.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague aina moja tu ya faili, nitachagua mirathi. Sheria ya Kiislamu inataka kila mrithi atajwe na fungu lake: mke thumuni (moja ya nane) kama kuna watoto, binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, mama sudusi (moja ya sita). Karani hawezi kugawa mali bila kuwaandika wanawake. Kwenye shajara za nasaba zinazotundikwa ukutani mabinti hukatika kama matawi makavu, lakini kwenye mirathi wamo wote, kwa majina, na rupia zao pembeni.

Humo ndimo nilimomkuta aliyekuwa akiimba. Babu yetu Mshihiri alikuwa muuza kahawa, akaacha nyumba moja mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja na madeni mawili. Ukurasa wa pili umeorodhesha warithi: wana wawili, binti mmoja, na mke. Wana na binti wana jina la baba na nisba, yaani jina la ukoo au asili. Mke ana jina moja tu, halafu maneno yanayosema kuwa ni huru wa bibi fulani wa mtaa fulani, yaani mtumwa aliyeachwa huru na bibi huyo. Wino wa hapo umefifia kuliko sehemu nyingine, karani alikuwa amechovya kalamu kwenye mstari wa juu yake. Jina silitaji hapa, ni la nyumbani kwetu. Nililinakili kwa penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi mezani, na nilikaa nalo muda kabla ya kufungua ukurasa wa tatu.

Mirathi ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtumwa aliyeachwa huru akifa bila warithi wa kutosha, aliyemwachia huru, au watoto wake, waliweza kudai mali kwa haki ya walaa. Kwa sababu hiyo watu walioachwa huru nao wana mafaili yao, na humo koo mbili, ya aliyemiliki na ya aliyemilikiwa, zinatajwa pamoja.

Zipo pia kumbukumbu za uhuru wenyewe. Unguja na Pemba utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini mtu alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na mmiliki akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Pwani ya Kenya ni 1907, Tanganyika ni 1922 chini ya Waingereza, na kabla ya hapo Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu mmoja mmoja. Palipolipwa fidia, watu walihesabiwa na kuandikwa. Pale ukoo wako ulipopitia misheni una njia nyingine: Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu waliweka kituo mwaka 1868, Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa 1875, au Rabai, ambako zaidi ya watu 1,400 waliotoroka walinunuliwa uhuru wao Januari 1889. Karatasi za CMS, misheni ya Kianglikana iliyokuwa Freretown na Rabai, ziko Birmingham, na za UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana iliyojenga kanisa Mkunazini juu ya soko la watumwa, ziko Oxford.

Kwa kulinganisha mababu kwa mahali walikotoka, karatasi hazikuwatendea sawa. Ukoo wa masharifu wa Hadhramaut ndio ulioandikwa kuliko wote: nasaba zao zimetunzwa kwa karne nyingi, na jumuiya yao ya Rabitha, iliyoanzishwa 1928 huko Jakarta, ina ofisi inayohakiki koo za Baalawi, yaani masharifu hao, popote walipo. Mshihiri asiye sharifu hana hayo. Huyo mtafute kwenye mirathi, kama nilivyofanya mimi. Mwomani ana nisba ya kabila, na masheikh wa makabila kule bado wanaulizwa; tangu 2007 Oman ina mamlaka yake ya nyaraka. Mgoa ana vitabu vya ubatizo vya parokia, na baina ya mababu wote wa kigeni wa pwani hii huenda yeye ndiye mwepesi kumpata pamoja na mama yake. Mhindu wa Gujarat anaweza kuwa na barot wa ukoo anayetunza kitabu cha nasaba kijijini, na wapo makuhani wa Haridwar wenye vitabu vyao vya mahujaji.

Kwa Wahindi niongeze tahadhari moja. Familia nyingi husema babu alikuja kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Wafanyakazi walioletwa kati ya 1896 na 1901 walikuwa karibu 32,000, lakini waliobaki baada ya kazi walikuwa takriban 6,700. Wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki wametokana na wafanyabiashara na makarani waliokuja kwa nauli yao. Ukimtafuta babu kwenye orodha ya reli na alikuwa mwenye duka, utamkosa maisha yako yote.

Mngazija anataka akili nyingine kabisa. Kule Ngazija ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hinya (ukoo wa upande wa mama), na nyumba hupita kwa mabinti. Mtafiti akienda Moroni na orodha ya majina ya baba, bin fulani bin fulani, ataulizwa swali ambalo hakulitarajia: mama yake alikuwa nani? Tena jahazi halikuwa la mruko mmoja. Habib Swaleh, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha Lamu, ni sharifu wa asili ya Hadhramaut aliyezaliwa Ngazija. Ukisikia "babu alitoka Ngazija", usiufunge msako pale.

Ugumu wa karatasi uko kwenye kusoma. Hati nyingi ni za Kiarabu, au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa karani mwenye haraka. Tafuta mtu anayesoma khati za zamani na umlipe jasho lake. Tarehe ni za Hijra: mwaka 1315 ulianza katikati ya 1897, na kwa kuwa miaka 33 ya Hijra ni kama 32 ya Miladi, huwezi kutoa namba moja tu kwa kila hati. Na karani Mwingereza alimwandika mtu mmoja Saleh, Salehe na Swaleh ndani ya faili lile lile.

Mate

Hapa wengi huanzia, kwa sababu kipimo kinauzwa kwa matangazo mazuri. Mimi nakiweka mwisho, na nitasema kwa nini.

Hesabu yake kwanza. Nusu ya vinasaba vyako ni ya kila mzazi, takriban robo ya kila babu na bibi, thumuni ya kila mmoja wa wazazi wao. Yule muuza kahawa wa kwetu anabaki na sehemu kama 6 hivi katika 100 za mwili wangu, na mwenye kuimba vivyo hivyo. Vizazi vinne au vitano nyuma zaidi, baadhi ya mababu hawana alama yoyote ndani yako, ingawa bila wao usingekuwepo. Na hizo asilimia za "Mashariki ya Kati" na "Afrika Mashariki" zinategemea kampuni imewapima watu gani wa kulinganisha nao. Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wangindo waliopimwa ni wachache mno, kwa hiyo jibu huja kwa neno pana ambalo bibi yangu angeweza kukupa bure.

Watu hufikiri kipimo cha upande wa mama kitamfikia kila mama. Hapana. Kinapita mstari mmoja tu, mama wa mama wa mama, na cha upande wa baba kinapita baba wa baba wa baba. Mwenye kuimba alikuwa mama wa *baba* wa bibi yangu, kwa hiyo mstari wake haumo ndani yangu wala ndani ya bibi mwenyewe. Ulipita kwa yule binti mmoja wa kwenye faili, kisha kwa mabinti zake. Ilibidi nimtafute mjukuu wake wa kike huko Chake Chake. Bila mirathi nisingejua hata nimpime nani.

Kwa historia ya pwani kwa jumla, hata hivyo, vinasaba vimefanya kazi kubwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, na ilitoka hasa kwa wanawake. Sehemu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na baada ya 1500 zaidi kwa wa Arabuni. Kuchanganyika kulikuwa kumeanza kufikia mwaka 1000. Wale waliosimulia Washirazi wao hawakuwa wakibuni, na mama zao walikuwa wa hapa hapa. Ila huo ni ushahidi wa miji ile ya kale. Hauwezi kukupa jina la babu aliyeshuka bandarini mwaka 1905.

Kuna mambo mawili ya kupima kabla hujatema mate. Kwanza usiri: kampuni ya 23andMe ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu karibu milioni 6.9 zikafikiwa, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Neno la siri unaweza kulibadili, vinasaba huwezi. Pili, kipimo kinaweza kukuonyesha kuwa mjomba si mjomba, na wewe ndiye utakayekaa na habari hiyo kwenye chakula cha Idi. Usimpime mzee bila yeye kuelewa na kuridhia.

Palipo na faida ya kweli ni kwenye kupata ndugu walio hai. Miongoni mwa waliotawanyika baada ya mapinduzi ya 1964 kwenda Muscat, Dubai, London na Toronto wapo waliopima, na binamu wa kizazi cha pili aliyepima kwa kampuni ile ile karibu kila mara huonekana kwenye orodha.

Tovuti

Hapa sina mengi. FamilySearch ni bure, na imekusanya pia nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika, kwa hiyo inafaa kutazamwa kabla ya kulipia nyingine. Kwa majina ya pwani utakuta kidogo, na miti mingi imenakiliwa kutoka kwa mtu hadi mtu pamoja na makosa yake. Itumie kama daftari la kuhifadhia ulichokipata.

Uanze wapi, basi

Kama una mzee hai, hata mmoja, hakuna mjadala: nenda wiki hii. Kama mzee hayupo na babu alikuwa na mali, hata kibanda, nenda kwenye mirathi na hati za viwanja. Mombasa, Malindi na Lamu kuna madai ya ardhi yaliyosikilizwa kwa sheria ya mwaka 1908, ambayo watu waliyathibitisha kwa kueleza wamerithi kwa nani. Ukiwa na fununu ya utumwa upande wa mama, tafuta kumbukumbu za uhuru na za misheni kabla ya maabara. Kama babu alikuwa mtoto wa kulelewa, au baba hajulikani, hapo ndipo mate yatangulie, kwa kuwa karatasi na wazee wanaweza kuwa walikubaliana kunyamaza.

Na ukiwa mbali, Muscat au Leicester, usingoje likizo. Mtafute binamu aliyebaki nyumbani, mtumie vocha, mwambie aende kwa bibi saa za alasiri akishaswali, aweke simu kwenye mkeka kati yao, na aanze na kuuliza nani alikuwa akimlaza.